SEAL Team Six: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Makomando wa Majini wa Marekani

Habari ya meli kutekwa karibu na Somalia ikitoka, au kiongozi wa Al-Shabaab akishambuliwa usiku, jina la kikosi hiki hutajwa mapema. Wasomaji wa mwambao wetu wamelisikia sana, lakini mengi yanayosimuliwa vijiweni yametoka kwenye sinema. Majibu yaliyo hapa yanashika yale yaliyokwisha kuwekwa wazi. Yana msimamo wake pia: kikosi kilichoundwa kuokoa mateka baharini kinafaa kupimwa kwanza kwa mateka waliotoka hai, ndipo ije hesabu ya maadui waliouawa.

SEAL Team Six ni kikosi gani hasa?

Ni kikosi teule cha Jeshi la Majini la Marekani, ambacho kazi yake ya asili ni kupambana na ugaidi baharini: kukomboa meli iliyotekwa, kurudisha mtambo wa mafuta uliovamiwa, kutoa watu walioshikiliwa ndani ya boti. Makao yake ni Dam Neck, kwenye ufuko wa Virginia Beach, jimbo la Virginia.

SEAL wengine, yaani makomando wa kawaida wa jeshi la majini, waliogawanyika katika timu kadhaa, hufanya kazi pana zaidi za kivita, kama upelelezi wa pwani, mashambulizi ya kushtukiza na kufundisha majeshi rafiki. Hawa wa Dam Neck huchujwa kutoka miongoni mwao, na operesheni zao huendeshwa na JSOC, kamandi ya pamoja iliyoko Fort Bragg, North Carolina. Delta Force ya jeshi la nchi kavu nayo iko chini ya kamandi hiyohiyo.

Mbona kina majina mawili?

Jina la SEAL Team Six lilifutwa rasmi mwaka 1987. Tangu hapo kikosi kinaitwa Naval Special Warfare Development Group, kwa kifupi DEVGRU. Jina jipya linasikika kama la ofisi ya majaribio ya silaha na mbinu, na kazi hiyo kweli inafanyika huko. Lakini watu wameendelea na jina la zamani, na wanajeshi wenyewe wakiwemo.

Kilianzishwaje?

Chanzo chake ni operesheni iliyoshindwa jangwani, mbali kabisa na bahari.

Tarehe 4 Novemba 1979 wanafunzi wa kimapinduzi wa Iran waliuvamia ubalozi wa Marekani mjini Tehran na kuwashika waliokuwamo. Rais Jimmy Carter alijaribu mazungumzo kwa miezi mitano, kisha akaridhia nguvu itumike. Usiku wa 24 Aprili 1980 helikopta 8 ziliruka kutoka manowari ya kubeba ndege, Nimitz, zikielekea mahali jangwani palipopewa jina la Desert One. Huko zilikuwa zikisubiriwa na ndege za C-130 zilizobeba makomando wa Delta na mafuta ya kujazia. Njiani vumbi zito likazikumba helikopta. Mbili hazikufika. Nyingine ilifika ikiwa na hitilafu ya mfumo wa haidroliki. Zikabaki 5 nzima, na mpango ulihitaji zisizopungua 6, kwa hiyo ikaamuliwa kurudi. Katika kuondoka, helikopta moja iliyumba ndani ya vumbi ikaigonga C-130, moto ukalipuka na wanajeshi 8 wakafa. Tehran hawakuifikia. Mateka 52 walikuja kuachiwa tarehe 20 Januari 1981, baada ya siku 444.

Uchunguzi ulioongozwa na Admirali James Holloway ulionyesha ugonjwa ulikuwa wapi. Helikopta zilikuwa za jeshi la majini, marubani wengi wa Marine (jeshi la Marekani la kutua pwani), makomando wa jeshi la nchi kavu na ndege za mafuta za jeshi la anga, na watu wote hao hawakuwahi kufanya zoezi kamili pamoja kabla ya usiku ule. Majibu yalikuwa mawili. La kwanza ni kuundwa kwa JSOC, Desemba 1980, ili operesheni za namna hii ziwe na mwenyewe mmoja. La pili ni jeshi la majini kuagizwa liwe na kikosi chake cha kudumu cha kupambana na ugaidi. Kazi hiyo alikabidhiwa Kamanda Richard Marcinko, na mwishoni mwa mwaka huo kikosi kikawa kimesimama.

Delta Force ilikuwapo tangu 1977. Kwa nini isingetosha?

Kwa sababu meli ni mahali pengine kabisa. Ukivamia nyumba unaweza kuizunguka, kuvunja mlango wa nyuma na kusubiri alfajiri. Meli inatembea. Sakafu inapanda na kushuka, kuta ni za chuma na risasi iliyokosa shabaha hudunda ovyo, ngazi zake ni nyembamba kiasi cha kupita mtu mmoja mmoja, na chini kabisa kuna chumba cha injini chenye kelele ambamo hata amri haisikiki. Kabla ya yote hayo lazima uifikie, labda ikiwa maili mia kadhaa kutoka nchi kavu.

Ujuzi huo jeshi la majini lilikuwa nao. Novemba 1943, katika kutua Tarawa kwenye Bahari ya Pasifiki, boti za Marine zilikwama kwenye miamba ya matumbawe na askari wakalazimika kutembea majini mbele ya bunduki za Wajapani. Vifo vya siku zile vilisukuma mbele vikosi vya wapiga mbizi wa kupima fukwe na kulipua vizuizi. Kutokana nao, tarehe 1 Januari 1962, zikazaliwa timu mbili za kwanza za SEAL, moja Coronado, California, nyingine Little Creek, Virginia. Na hata kabla ya 1980, timu ya Little Creek ilikwisha kutenga watu wa kujifunza kupambana na watekaji. Marcinko hakuanzia sifuri.

Timu zilikuwa mbili tu. "Sita" ilitoka wapi?

Ilichaguliwa kuwababaisha wapelelezi wa Urusi ya Kisovieti, wadhani zipo timu nyingine wasizozijua.

Marcinko alikuwa mtu wa namna gani?

Mpiganaji wa Vietnam, mwepesi wa kuamua, asiyependa kusubiri karatasi. Alichagua watu wake mwenyewe, akawaruhusu kufuga ndevu na nywele ili waweze kupita kama raia, akawakimbiza kwenye mazoezi ya parachuti, kupanda meli na kulenga shabaha mfululizo. Aliongoza hadi 1983. Kasi aliyoijenga kikosi kiliihitaji. Lakini alijenga pia tabia ya kuona taratibu kama kikwazo, na hilo liliacha doa. Mwaka 1990 mahakama ilimtia hatiani kwa kula njama ya kuilaghai serikali katika ununuzi wa mabomu ya mkono, akaenda jela. Alifariki Desemba 2021.

Wanaomsifu na wanaomlaumu wote wana hoja. Ninavyoona mimi, kikosi chenye siri nyingi kiasi hiki kinahitaji viongozi wanaoheshimu taratibu kuliko kikosi cha kawaida, kwa kuwa waangalizi wa nje ni wachache.

Watu wake hupatikanaje?

Kwanza mtu awe SEAL. Mafunzo ya msingi hufanyika Coronado kwa takriban miezi sita, na humo mna wiki moja ambayo wanafunzi hukaa siku tano na nusu kwenye baridi, maji na mchanga wakilala saa chache tu kwa ujumla. Wengi huishia hapo. Anayepita hutumikia timu za kawaida kwa miaka kadhaa ndipo aombe kwenda Dam Neck.

Huko huingia katika kozi ya mchujo iitwayo Green Team. Wanaoingia wote ni SEAL wazoefu, na bado karibu nusu yao hurudishwa walikotoka. Kinachowaangusha mara nyingi ni maamuzi, wala si nguvu za mwili. Ndani ya vyumba vya mazoezi, mlango unafunguliwa na mbele yako wapo watu kadhaa, mmoja ana bunduki, mwingine ameshika simu, wa tatu amefungwa mikono. Una nukta moja ya kutambua nani ni nani. Ukimpiga mateka, safari yako inaweza kuishia siku hiyo.

Wanaobaki hugawiwa kwenye vikosi vidogo vya mashambulizi: Red, Blue, Gold na Silver. Gray ni mabingwa wa boti, na Black ni wa upelelezi. Pamoja nao wapo mafundi wa mabomu, watu wa mawasiliano na wafunza mbwa.

Meli iliyotekwa hukombolewa vipi?

Mbinu za ndani ni siri, ila sura ya jumla inajulikana. Usiku hupendelewa, kwa sababu makomando wana miwani ya kuonea gizani na watekaji kwa kawaida hawana. Boti za kasi huja kutokea tezi, ambako mlinzi haoni vizuri na muungurumo wa meli yenyewe unafunika sauti ya injini zao. Mlingoti mrefu wenye ndoana huinuliwa hadi ukingoni, na ngazi nyembamba ya waya ikaning'inia. Mtu anaipanda akiwa na silaha, fulana ya kuzuia risasi na redio, huku boti chini yake ikipanda na kushuka kwa wimbi. Wakati huohuo helikopta inaweza kushusha wengine kwa kamba nene, na wadunguaji wakiwa juu wanalinda sitaha.

Malengo ya kwanza ni mawili, chumba cha usukani na chumba cha injini. Anayeshika hivyo viwili ameshika meli. Kisha hupekuliwa kila kabati, kila chumba, na kila mtu huhesabiwa mshukiwa hadi atambuliwe. Meli ikiwa mbali mno, makomando huruka na parachuti baharini, pengine pamoja na boti zao, wakachukuliwa na manowari iliyo karibu.

Hatari ya kupanda tu, kabla hata ya risasi, ilionekana usiku wa 11 Januari 2024 katika bahari ya Somalia. SEAL wa timu ya kawaida, wala si wa Dam Neck, walikuwa wakipanda jahazi lililobeba vipuri vya makombora ya Iran. Mmoja aliteleza akadumbukia majini, mwenzake akaruka kumfuata. Vifaa vilikuwa vizito, mawimbi makubwa, na wote wawili wakapotea.

Miaka yake ya mwanzo ilikuwaje?

Migumu. Oktoba 1983, siku mbili kabla ya Marekani kuvamia Grenada, watu wake 4 walizama baada ya kurushwa kwa parachuti usiku kwenye bahari iliyochafuka. Wengine waliotumwa kumlinda gavana mkuu, Paul Scoon, walizingirwa naye ndani ya nyumba yake hadi Marine walipofika siku iliyofuata.

Miaka miwili baadaye likaja tukio ambalo kikosi kilikuwa kimeundwa kwa ajili yake. Tarehe 7 Oktoba 1985, Wapalestina wanne wenye silaha waliiteka meli ya watalii ya Italia, Achille Lauro, iliyokuwa imetoka Alexandria. Walimuua Leon Klinghoffer, Mmarekani wa miaka 69 aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu, wakamtupa baharini. Kikosi kilivuka Atlantiki hadi Cyprus kikajiandaa kuipanda meli. Lakini kabla hakijaruhusiwa, watekaji walikuwa wamejisalimisha Misri kwa makubaliano ya kuondoka salama. Ndege iliyowabeba ikalazimishwa na ndege za kivita za Marekani kutua Sigonella, Sicily. Hapo makomando wakaizunguka, na askari wa Italia wakawazunguka makomando, bunduki zikiwa zimeelekezana kati ya nchi mbili rafiki, hadi Italia iliposhinda hoja kwamba ardhi ni yake na wafungwa ni wake. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa tena kwamba ujuzi wa kupanda meli haufai kitu ukichelewa kufika, au ukitua kwa mwenyeji ambaye hamkuelewana naye.

Kisa cha Maersk Alabama kilikwendaje?

Hiki ndicho kilichokaribia kwetu zaidi. Meli ilikuwa ikija Mombasa, na sehemu ya shehena yake ilikuwa chakula cha msaada kwa Kenya, Somalia na Uganda. Tarehe 8 Aprili 2009, maharamia wanne Wasomali waliipanda. Mabaharia 20 hawakukaa kimya. Wengi wao walijificha upande wa injini, wakazima umeme, na gizani wakamkamata kiongozi wa maharamia, Abduwali Muse. Walikubaliana kumbadilisha na nahodha wao, Richard Phillips. Muse akaachiwa, Phillips hakurudishwa. Maharamia wakaondoka naye katika boti ya kuokolea maisha, ile ya rangi ya machungwa iliyofunikwa juu.

Meli yenyewe iliendelea na kutia nanga Mombasa tarehe 11 ikiwa na mabaharia 19.

Nyuma yao, manowari Bainbridge ilikuwa inaikabili boti hiyo ndogo. Phillips alijaribu kutoroka kwa kuruka majini, akakamatwa tena. Wadunguaji wa SEAL Team Six walikuwa wameruka na parachuti baharini na kuchukuliwa hadi kwenye manowari. Tarehe 12 bahari ilichafuka, na maharamia wakakubali boti yao ifungwe kamba na kukokotwa. Kamba hiyo ikafupishwa kidogokidogo hadi umbali ukawa karibu mita 30. Muse alikuwa amekwenda Bainbridge kutibiwa mkono na kuzungumza. Waliobaki walikuwa watatu, na nahodha amefungwa.

Rais Obama alikuwa ameruhusu nguvu itumike iwapo uhai wa Phillips uko hatarini wakati huohuo. Jioni, mmoja alionekana amemwelekezea bunduki, na vichwa vya wenzake wawili vikaonekana pia. Walenga shabaha waliokuwa kwenye tezi ya manowari inayoyumba walifyatua kwa pamoja kwenye boti nayo inayumba. Wote watatu walikufa na Phillips akatoka bila jeraha la risasi. Muse alihukumiwa New York mwaka 2011 kifungo cha zaidi ya miaka 33.

Ukisoma kisa hiki chote, sehemu kubwa yake ni subira: siku nne za kuzungumza, kukokota, kutazama. Mabaharia waliojifungia gizani wanastahili sifa kubwa, na hutajwa mara chache mno.

Ndicho kilichomuua Osama bin Laden?

Ndiyo, usiku wa kuamkia 2 Mei 2011, mjini Abbottabad, Pakistan, mbali na bahari yoyote. Waliruka kutoka Jalalabad, Afghanistan, kwa helikopta mbili zilizobadilishwa ili zisionekane kwa urahisi kwenye rada. Moja ilianguka ndani ya ua, na watu wake wakaendelea na kazi. Walikaa chini dakika zipatazo 40. Operesheni iliendeshwa kwa mamlaka ya CIA na kuongozwa kijeshi na Admirali William McRaven, na mwili ukazikwa baharini kutoka manowari Carl Vinson.

Kwa Nairobi na Dar es Salaam habari hiyo haikuwa ya mbali. Milipuko ya balozi za Marekani ya 7 Agosti 1998 iliua watu 224, wengi mno wao Wakenya na Watanzania waliokuwa kazini au wakipita njia. Inafaa kukumbuka pia kwamba Fazul Abdullah Mohammed, Mkomoro aliyetafutwa zaidi kwa milipuko ile, aliuawa Juni 2011 na askari wa kawaida wa Somalia kwenye kizuizi cha barabarani Mogadishu. Hakukuwa na helikopta wala miwani ya usiku.

Kimefanya nini kingine Somalia?

Mwaka 1993 watu wake wachache walikuwa kwenye vita vya Mogadishu pamoja na Rangers, askari wateule wa jeshi la nchi kavu, na Delta.

Septemba 2009, karibu na Barawa, helikopta zilishambulia gari la Saleh Ali Saleh Nabhan, mzaliwa wa Mombasa aliyetafutwa kwa mlipuko wa hoteli ya Paradise, Kikambala, wa 28 Novemba 2002. Wakenya 10 na Waisraeli 3 waliuawa siku ile, na miongoni mwa Wakenya walikuwamo wachezaji ngoma waliokuwa wakiwalaki wageni. Makomando walishuka wakachukua miili ili kuthibitisha.

Usiku wa kuamkia 25 Januari 2012 waliruka na parachuti na kutembea hadi kambi iliyokuwa ikiwashikilia Jessica Buchanan, Mmarekani, na Poul Hagen Thisted wa Denmark, waliotekwa Galkayo miezi mitatu kabla wakifanya kazi ya kuondoa mabomu ya ardhini. Buchanan alikuwa mgonjwa, na hofu ya kufia mikononi mwa watekaji ndiyo iliyoharakisha amri. Watekaji 9 waliuawa, mateka wote wawili wakatoka wazima.

Na Oktoba 2013, wiki mbili tu baada ya shambulio la Westgate, walikuja kwa boti hadi Barawa, mji wa Waswahili wa Chimwiini, wakimtafuta kamanda wa Al-Shabaab aliyejulikana kama Ikrima. Walikutana na upinzani mkali, na nyumbani mle mlikuwa na watoto. Wakarudi baharini mikono mitupu. Wapo walioliita tukio hilo aibu. Mimi nalihesabu miongoni mwa maamuzi yao bora, kwa sababu kiongozi aliyekuwa pale alikuwa na uwezo wa kuendelea na akaona watoto.

Kimewahi kushindwa?

Mara nyingi, na watu walikufa kwa sababu hiyo.

Oktoba 2010, Kunar, Afghanistan, kilikwenda kumwokoa Linda Norgrove, mfanyakazi wa misaada kutoka Scotland. Tangazo la kwanza lilisema ameuawa na watekaji wake. Picha za video zikaja kuonyesha kwamba komando alirusha bomu la mkono karibu na alipokuwa. Familia yake ilisikia ukweli siku chache baadaye.

Februari 2011 Wamarekani wanne waliuawa na maharamia ndani ya mashua ya matanga Quest, manowari zikiwa zimeizunguka. SEAL walipoipanda walikuta wameshachelewa.

Desemba 2014 kilikwenda Shabwa, Yemen, kumtoa mwandishi wa picha Luke Somers. Nyumba hiyohiyo ilikuwa na Pierre Korkie, mwalimu wa Afrika Kusini aliyetekwa tangu Mei 2013. Shirika la misaada la nchini kwake, Gift of the Givers, lilikuwa limekamilisha mazungumzo na lilimtarajia kutoka siku iliyofuata. Maafisa wa Marekani walisema hawakujua kuwa yumo. Watekaji waliposikia vishindo waliwapiga risasi wote wawili, na wote wawili wakafa. Mke wake, Yolande, aliyekuwa ametekwa pamoja naye na kuachiwa Januari mwaka huo, alikuwa akimsubiri. Tukio hili linauma kuliko mengine yote, kwa sababu njia mbili za kuokoa watu zilikuwa zikienda sambamba na hakuna aliyezikutanisha.

Januari 2017, Yakla, Yemen, kilimpoteza mtu wake mmoja, na raia kadhaa wakauawa, watoto wakiwemo. Mwaka huohuo, Bamako, wawili wa kikosi hiki walihusika katika kifo cha komando mwenzao wa jeshi la nchi kavu, wakahukumiwa.

Na pigo kubwa zaidi kwao wenyewe lilikuwa 6 Agosti 2011, bonde la Tangi, Afghanistan. Helikopta ya Chinook iliyotunguliwa iliua watu 38, wakiwemo SEAL 17, wengi wao wa Dam Neck.

Tukitazama orodha hii, makosa mengi yametokea nchi kavu, katika miaka ambayo kikosi kilikuwa kikitumwa usiku baada ya usiku kuwawinda watu Afghanistan, Iraq na Yemen. Kazi ya kukomboa meli ni ya nadra na ina mipaka. Ile nyingine haikuwa na mwisho.

Nani hutoa amri, na sheria inasemaje?

Operesheni kubwa huidhinishwa na rais au waziri wa ulinzi. Ndani ya Marekani kazi ya kukomboa mateka ni ya FBI.

Kwenye bahari kuu, mkataba wa sheria za bahari wa 1982 unairuhusu nchi yoyote kukamata meli ya maharamia na kuwashtaki. Maji ya ndani ya nchi nyingine ni suala jingine. Ndiyo maana Baraza la Usalama, kwa azimio 1816 la Juni 2008, lilitoa ruhusa maalumu ya kuingia maji ya Somalia kwa ridhaa ya serikali yake. Pakistan, mwaka 2011, haikuulizwa kabisa, na uhusiano wa nchi hizo mbili uliumia kwa muda mrefu.

Nchi nyingine zina vikosi vya aina hii?

Ndiyo. Uingereza ina SBS, Ufaransa ina Commando Hubert. Korea Kusini iliikomboa meli yake Samho Jewelry Januari 2011 katika Bahari ya Uarabuni: mabaharia wote 21 walitoka hai, ingawa nahodha alijeruhiwa vibaya. Makomando wa India, MARCOS, Machi 2024 waliruka na parachuti hadi karibu na meli Ruen, na baada ya saa zipatazo 40 maharamia 35 wakajisalimisha na mabaharia 17 wakawa huru bila hata mmoja kuumia. Sijui ukombozi wa kupendeza kuliko huo katika bahari yetu.

Makomando ndio waliomaliza uharamia wa Somalia?

Hapana. Mwaka 2011 mashambulizi ya maharamia wa Somalia yalifika 237, miaka miwili baada ya risasi za Bainbridge. Kufikia 2013 yalikuwa 15. Kilichoyapunguza ni mambo mengi kwa pamoja: doria za manowari za mataifa, walinzi wenye silaha melini, seng'enge, mwendo wa kasi, na mahakama. Mombasa ilibeba mzigo mkubwa hapo. Washukiwa wengi walifikishwa mahakama ya Shanzu na kuwekwa gereza la Shimo la Tewa. Mwishoni mwa 2023 utekaji ulianza tena, baada ya tahadhari kulegea.

Mimi ni baharia. Meli yetu ikitekwa na makomando wakaja, nifanye nini?

Kama meli ina chumba cha kujifungia, kinafaa iwapo tu wote mmeingia na mna mawasiliano ya uhakika na nje. Akibaki hata mmoja mikononi mwa maharamia, manowari nyingi hazitapanda. Ukisikia vishindo vya uvamizi, lala chini, funika kichwa kwa mikono yote miwili, viganja vionekane vitupu. Usikimbilie waokoaji, usishike simu, usipige picha yenye mwanga. Utaelekezewa bunduki na huenda ukafungwa mikono mpaka orodha ya mabaharia ilinganishwe na nyuso. Taja jina lako na kazi yako melini kwa utulivu, na ukiulizwa maharamia wako wangapi na wapi, jibu kwa kifupi unachokijua tu.